Tabianchi na Wajibu wa Wanakijiji

Katika chuo ninachofundisha, ambacho kiko mbali na nchi yetu, husoma vijana waliotoka sehemu nyingi za Afrika ili wajiandae kuwa walimu wa dini. Siku moja tulikuwa tukizungumza juu ya wajibu wa mwanadamu kwa ardhi anayoishi juu yake, nami nikawaambia ya kwamba mwalimu atakayetumwa kijijini hana budi kujua jinsi ya kuwaongoza watu kulinda miti na chemchemi zao. Mwanafunzi mmoja, mtoto wa mfugaji, akainuka akasema: "Mwalimu, naomba kuuliza. Mvua imetukimbia, na ng'ombe wa baba wamekufa. Lakini moshi ulioharibu hewa haukutoka kijijini kwetu. Kwa nini basi sisi ndio tuambiwe tupande miti?"

Swali hili halikuwa la utovu wa adabu, wala halikuwa la uvivu. Lilikuwa swali la mtu aliyepatwa na hasara. Siku ile nililijibu kwa ufupi, na jibu langu halikuniridhisha mimi mwenyewe. Kwa hiyo nimeona yafaa nilijibu hapa kwa kirefu, kwa faida ya kila msomaji ambaye swali hilo limo moyoni mwake.

MAANA YA TABIANCHI

Kwanza yatupasa kupambanua mambo mawili. Hali ya hewa ni mvua au jua la leo na la kesho. Tabianchi ni desturi ya hewa ya mahali kwa muda wa miaka mingi, ambayo wataalamu kwa kawaida huipima kwa miaka 30. Mzee asemaye kwamba masika ya kwao huanza mwezi wa tatu hasemi habari za wiki hii, bali anasimulia desturi aliyoiona tangu utoto wake. Desturi hiyo ndiyo inayobadilika, na ndiyo maana wazee wetu hukosea siku za kupanda, ingawa hawajasahau lolote katika elimu yao.

Sababu yake inajulikana. Makaa ya mawe, mafuta ya petroli na gesi ya ardhini vinapochomwa, na misitu inapokatwa, hewa ya ukaa huongezeka angani, nayo hulizuia joto lisitoke, mfano wa blanketi. Kabla ya viwanda kuanza kuenea katika karne ya 18, katika kila sehemu milioni moja za hewa zilikuwamo kama sehemu 280 za hewa ya ukaa. Mwaka 2023 zilikuwa zimefika kama 420. Joto la wastani la dunia katika miaka ya 2011 hadi 2020 lilizidi lile la miaka ya 1850 hadi 1900 kwa nyuzi 1.1. Mtu aweza kudhani kuwa nyuzi moja ni jambo dogo. Lakini hewa yenye joto zaidi hubeba maji mengi zaidi. Hukausha ardhi upesi wakati wa kiangazi, na mvua ijapo huja kwa kishindo. Katika Kenya, Somalia na Ethiopia misimu mitano mfululizo ya mvua ilikosekana tangu mwishoni mwa mwaka 2020 hadi mwaka 2022. Kisha mwishoni mwa mwaka 2023, nchi zile zile zilizokuwa zikilia kwa ukame zilipatwa na mafuriko.

MWANAFUNZI ALIKUWA NA HAKI

Sasa natulitazame swali lenyewe. Bara la Afrika lina karibu sehemu moja katika tano ya watu wote wa dunia, lakini hewa ya ukaa itokayo humo kwa kuchoma makaa ya mawe, mafuta na gesi ni kama sehemu 4 tu katika kila 100. Kwa hiyo amwambiaye mfugaji au mkulima mdogo kwamba yeye ndiye aliyeiharibu tabianchi ya dunia anasema uongo, na uongo haufai hata ukisemwa kwa nia ya kuhimiza jambo jema. Nchi zilizotajirika kwa moshi huo zina deni, na ni haki kudaiwa.

Walakini, ndugu msomaji, nyumba ikishika moto kwa cheche za jirani, mwenye nyumba hangoji hukumu ya kadhi ndipo achote maji. Atazima kwanza, na haki yake ataidai. Wala kuzima kwake hakumwondolei haki ya kudai. Zaidi ya hayo, mti ulio kando ya kisima hauwanufaishi watu wa nchi za mbali kabla haujawanufaisha wale wanaoteka maji katika kisima kile. Kivuli chake, majani yake, udongo unaoshikwa na mizizi yake, vyote ni vya wenyeji. Basi swali la kweli si kama tufanye kazi hii au tusiifanye. Swali la kweli ni hili: ifanywe vipi hata isiwe kazi bure?

Nasema hivi kwa sababu mimi mwenyewe nimepata kuifanya kazi bure. Miaka mingi iliyopita nilikuwa mwalimu katika wilaya moja ya kanda ya ziwa. Tuliwakusanya watu, mgeni rasmi akaja, hotuba zikatolewa, na miche mia nne ikapandwa katika uwanja ulio karibu na kisima. Nilirudi pale baada ya misimu miwili ya mvua, nikahesabu miche tisa. Nilikasirika na kuanza kuwalaumu wachungaji. Bibi mmoja aliyekuwa akiteka maji akanisikiliza mpaka nilipomaliza, kisha akaniambia kwa upole: "Mwalimu, mwanangu, pale mlipopanda ndipo ndama wetu wanapopumzika mchana. Mngetuuliza, tungewaonyesha pengine." Sikuwa na la kumjibu. Tulikuwa tumewaita watu waje kushika majembe, lakini hatukuwaita waje kutoa shauri.

MFANO WA SHINYANGA

Kosa langu nililielewa vizuri zaidi nilipojifunza habari za mkoa wa Shinyanga, ambao haukuwa mbali na hapo. Mkoa huo, kabla ya kugawanywa mwaka 2012, ulikuwa mkubwa kuliko ulivyo sasa, na sehemu zake nyingi zilikuwa pori la miti. Wakati wa ukoloni mapori yalifyekwa ili kumwangamiza mbung'o. Kisha yakaja mashamba ya pamba, watu wakaongezeka na mifugo pia. Katika miaka ya 1970 watu walihamishiwa katika vijiji, wakaacha nyuma maboma yao pamoja na utaratibu wao wa kutunza malisho. Ikafika wakati ambapo upepo ulipeperusha vumbi mahali palipokuwa na miti, na akina mama wakatumia muda mrefu wa siku kutafuta kuni.

Mwaka 1986 serikali ya Tanzania ilianzisha mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, uliojulikana kwa kifupi kama HASHI. Hapo mwanzo miti ya kigeni ilipandwa. Lakini baadaye wataalamu walitambua ya kwamba wenyeji wana elimu yao wenyewe iliyokuwa karibu kusahauliwa, nayo ni ngitili. Ngitili ni sehemu ya malisho ambayo Wasukuma huifunga mvua zinapoanza, mifugo isiingie, nyasi zikue. Kisha huifungua katikati ya kiangazi, wakati ambapo nyasi zimekwisha mahali pengine. Na ilionekana kwamba chini ya ardhi ile iliyodhaniwa kuwa imekufa bado mlikuwamo visiki na mizizi iliyo hai. Haikuhitaji kupandwa, ilihitaji kuachwa ipumzike.

Lakini nani atamzuia ng'ombe? Hapa ndipo penye kiini cha somo letu. Wanavijiji walikaa katika mikutano yao, ikiwa ni pamoja na baraza lao la jadi liitwalo dagashida, wakakubaliana ni sehemu ipi ifungwe, ifunguliwe lini, na mvunja sheria atozwe nini. Ulinzi ukawa wa walinzi wao wenyewe, sungusungu, na serikali za vijiji zikayatia nguvu makubaliano hayo. Mwaka 1986 ngitili zilizojulikana zilikuwa na eneo la hekta 600 hivi tu. Kufikia mwaka 2004 zilikuwa zimepita hekta 300,000, katika vijiji zaidi ya 800. Uchunguzi uliofanywa wakati huo ulikadiria kwamba faida ya ngitili, yaani kuni, malisho, dawa, asali, nyasi za kuezekea na kadhalika, ilifikia dola 14 kwa mtu mmoja kwa mwezi, hali matumizi ya wastani ya mtu wa kijijini Tanzania yalikuwa dola 8 na nusu. Akina mama waliokuwa wakifuata kuni mbali waliokoa saa kadhaa za siku. Vijiji vingine vilipata fedha za kujengea madarasa.

Haifai kuficha upande wa pili. Wenye ardhi kubwa na ng'ombe wengi walipata zaidi kuliko maskini wasio na kitu, na ongezeko la watu na mifugo limeendelea kuzisonga ngitili. Hayo yanatufundisha kwamba makubaliano ni kama paa la nyasi: hayaezekwi mara moja yakaachwa, bali hutazamwa kila mwaka.

MFANO WA GAZI

Huenda msomaji wa pwani akasema kwamba hayo ni mambo ya wafugaji wa bara. Basi natwende pwani ya Kenya, katika ghuba ya Gazi iliyo kusini ya Mombasa, katika kaunti ya Kwale. Mikoko ya huko ilikatwa sana, hasa katika miaka ya 1970, kwa ajili ya boriti na kuni za kuchomea viwandani. Mikoko ilipoondoka, wavuvi waliona hasara, maana samaki wengi hukulia katikati ya mizizi yake. Na bahari ikapata njia ya kuila nchi kavu.

Watafiti wa taasisi ya serikali ya uvuvi na bahari walifanya kazi pale kwa miaka mingi pamoja na wenyeji, wakajifunza jinsi ya kuirudisha mikoko. Mwaka 2013 wanavijiji wa Gazi na Makongeni walianza mpango uitwao Mikoko Pamoja, wa kulinda hekta 117 za mikoko kwa muda wa miaka 20. Kwa kuwa mikoko ya Kenya kisheria ni mali ya serikali, ilibidi wenyeji wawe na chama cha msitu na kufanya mapatano na idara ya misitu. Inakadiriwa kwamba kila mwaka mpango huo huzuia tani 3,000 hivi za hewa ya ukaa zisiende angani. Sehemu kubwa ya ukaa huo haimo katika shina wala majani, bali katika tope lililo chini ya mikoko. Tope likifukuliwa, hewa ya ukaa iliyofungwa humo kwa miaka mingi hutoka.

Watu na makampuni ya mbali hununua hati za tani hizo, na fedha zake huingia katika mfuko wa vijiji viwili. Wanavijiji hukaa na kuamua zitumike vipi. Zimeleta maji ya bomba, zimetengeneza shule na kununua vitabu. Aidha walipanda mivinje, ili mwenye haja ya boriti au kuni apate mahali pa kuchukua bila ya kuigusa mikoko. Mwaka 2017 mpango huo ulipewa tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa, na baadaye vijiji vya Vanga, Jimbo na Kiwegu, vilivyo karibu na mpaka wa Tanzania, vilianza mpango kama huo juu ya eneo kubwa zaidi.

Hapa pia yafaa tuwe waangalifu. Bei ya hati hizo hupanda na kushuka, na mnunuzi anayenunua hati huku akiuzidisha moshi wake hajalipa deni lake, bali ameliahirisha. Kijiji kisiulinde msitu kwa ajili ya fedha hizo peke yake. Kiulinde kwa ajili ya samaki, maji na watoto wake; fedha zikija ziwe nyongeza.

MAFUNZO MANNE

Katika mifano hii miwili twaona mambo manne.

Kwanza, sheria hutungwa na wale wanaokitumia kitu chenyewe. Mchungaji, mkata kuni, mvuvi na mteka maji wasipokuwapo katika shauri, hawatakuwapo katika ulinzi. Na katika sehemu nyingi wanaojua zaidi habari za maji na kuni ni wanawake, ambao mara nyingi huketi nyuma mkutanoni wala hawaulizwi.

Pili, kulinda hutangulia kupanda. Kupanda ni kazi ya siku moja, nayo hupendeza mbele ya wageni. Kulinda ni kazi ya miaka, wala haina hotuba. Kabla ya kununua mche, kitazameni kisiki kilicho hai mlicho nacho tayari.

Tatu, anayekatazwa jambo la lazima apewe njia nyingine. Mama hawezi kupika kwa makatazo. Ndiyo maana Gazi walipanda mivinje, na ndiyo maana ngitili hufunguliwa wakati wa shida. Sheria isiyo na mlango huvunjwa usiku.

Nne, hesabu ziwe wazi. Faini, mauzo na misaada visomwe mbele ya wote. Kitu cha umma ni amana, na amana ikifanyiwa hiana mara moja, watu hawatakuja tena hata kwa jambo la haki.

MAJIBU KWA WENYE SHAKA

Huenda mtu akasema: "Kijiji chetu ni tone moja baharini, kitapunguza nini katika hewa ya dunia nzima?" Jibu ni kwamba hekta 300,000 za Shinyanga hazikuwa za kijiji kimoja. Zilikuwa ngitili nyingi ndogo, nyingine za ukoo mmoja tu. Isitoshe, kijiji kilichotunza chemchemi yake kitavumilia ukame vizuri zaidi kuliko jirani yake, hata kama dunia nzima haikubadilika.

Mwingine atasema: "Sisi ni watu wa mjini, hatuna ngitili wala mikoko." Lakini mjini kuna mifereji, mabonde na takataka. Katika Dar es Salaam, kuanzia mwaka 2015, wanafunzi wa vyuo pamoja na wakazi walitembea mtaa kwa mtaa katika mpango wa Ramani Huria, wakachora ramani za nyumba, njia na mifereji ya sehemu zinazofurika, wakiuliza wenyeji maji hufika wapi. Mtaa unaojua maji yake hupita wapi waweza kuuzibua mfereji kabla ya masika, na waweza kumwonyesha kiongozi kwa ushahidi mahali panapohitaji daraja.

Wa tatu atasema: "Hii ni kazi ya serikali." Ndiyo, serikali ina wajibu mkubwa. Lakini serikali hukumbushwa na raia waliokwisha kukubaliana. Katika Tanzania mkutano mkuu wa kijiji ni wa watu wazima wote wa kijiji, nao una haki ya kusomewa mapato na matumizi. Katika Kenya, katiba ya mwaka 2010 imeweka ushiriki wa wananchi kuwa msingi wa utawala, na sheria ya tabianchi ya mwaka 2016 inazitaka kaunti ziingize jambo hili katika mipango yao ya maendeleo. Milango hii ipo. Asiyeingia asiseme kwamba amefungiwa nje.

LA KUFANYA

Basi, ndugu msomaji, usingoje siku ya mgeni rasmi. Anza na jambo moja linalowagusa nyote: kisima kinachokauka, mlima unaomomonyoka, mfereji uliozibwa. Nenda ukawaulize wazee palikuwaje zamani, na uwaulize wachungaji na akina mama panatumiwaje sasa. Lipeleke jambo hilo katika mkutano, mkubaliane sehemu ndogo ya kuanzia, ambayo mnaweza kuilinda kweli kweli. Andikeni makubaliano: nani atalinda, lini pafunguliwe, faini ni kiasi gani na itatunzwa na nani. Baada ya mwaka mmoja kaeni tena mtazame lililofaa na lisilofaa. Na yale yaliyo nje ya uwezo wenu, yadaini kwa sauti moja kwa viongozi wenu, ili nao wayadai kwa mataifa.

Ama yule mwanafunzi wangu, baadaye nilimwita nikamwambia: Ulisema kweli kwamba si nyinyi mlioharibu. Lakini utakaporudi kwenu, usiende na miche kabla hujaenda na masikio. Kaa na baba yako, umuulize ni sehemu gani ya malisho ambayo babu yako alikuwa akiifunga. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Mwalimu, ninapajua mahali hapo. Wanapaita kwa jina la babu mpaka leo."

Mwenyezi Mungu atujaalie tuwe waaminifu katika amana ya ardhi aliyotupa, na atuwezeshe kuwaachia watoto wetu maji na kivuli. Amin.